Uadimu wa Ajali na Uadimu wa Kupangwa: Kadi za Mawindo na Mabadiliko ya Ukusanyaji wa Kadi nchini Marekani, 1909–2025

1.0 Utangulizi

Kitu kisichopatikana kwa urahisi husemwa kuwa ni adimu kama wali wa daku. Msemo huo umebeba dhana kwamba uadimu huletwa na hali yenyewe: saa ya daku ni fupi, na aliyelala huamka akakuta sahani tupu. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba wali huo uwe haba. Historia ya kadi za kukusanya nchini Marekani ilianza na uadimu wa namna hiyo, lakini haikuishia hapo. Katika muda wa takribani miaka mia moja, uadimu uliotokana na ajali uligeuka kuwa bidhaa inayosanifiwa kiwandani, ikahesabiwa, ikapewa namba na kutangazwa kabla hata pakiti ya kwanza haijauzwa.

Kadi za kukusanya ni vipande vidogo vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji wa michezo, mhusika wa hadithi au kiumbe wa kubuni. Aghalabu huuzwa ndani ya pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui kilichomo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, lengo la mkusanyaji lilikuwa kukamilisha seti. Alinunua pakiti, akajikuta na kadi zilizojirudia, akazibadilisha na jirani au mwenzake wa shuleni mpaka namba zote zikatimia. Katika utaratibu huo hapakuwa na kadi isiyo na kazi, kwa sababu iliyozidi kwa mmoja ndiyo iliyopungua kwa mwingine.

Makala haya yanatumia istilahi "kadi ya mawindo" kwa maana ya kadi ambayo mtengenezaji ameichapa kwa idadi ndogo mno kwa makusudi, kisha akaitia katika pakiti chache miongoni mwa maelfu ili iwindwe. Hoja kuu ni kwamba kadi ya mawindo haikuongeza tu kitu kimoja cha thamani juu ya vilivyokuwapo. Ilibadilisha maana ya kadi zote zilizobaki. Kadi ya kawaida, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya seti, iligeuka kuwa tiketi iliyokosa.

2.0 Uadimu Usiokusudiwa: Wagner na Mantle

Kadi mashuhuri kuliko zote katika mchezo wa besiboli ni ya Honus Wagner, mchezaji wa timu ya Pittsburgh Pirates. Ilichapwa katika seti ijulikanayo kama T206, yenye kadi zaidi ya 500, iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911 na American Tobacco Company. Wakati huo kadi hazikuuzwa peke yake. Zilitiwa ndani ya pakiti za sigara ili kuikaza pakiti isipondeke na kumvutia mvutaji arudi kununua chapa ileile.

Kadi ya Wagner ilisitishwa mapema. Maelezo ya sababu ni mawili. La kwanza ni kwamba Wagner hakutaka picha yake itumike kuuza tumbaku kwa watoto. La pili ni kwamba hakuridhika na suala la malipo. Vyovyote iwavyo, uamuzi ulikuwa wa mchezaji na si wa kampuni. Kampuni ilipoteza kadi, haikuificha. Nakala zinazojulikana leo ni takribani 60 tu, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Mfano wa pili ni kadi namba 311 ya seti ya Topps ya mwaka 1952, inayomwonyesha Mickey Mantle. Kadi hiyo ilikuwa katika kundi la mwisho la seti, lililofika madukani msimu wa besiboli ukielekea ukingoni na hamu ya watoto ikiwa imeshapoa. Kwa maelezo ya Sy Berger, mfanyakazi wa Topps aliyeisanifu seti hiyo, makasha yaliyobaki yalikaa ghalani kwa miaka mingi. Mwaka 1960 yalipakiwa kwenye tishari na kumwagwa katika bahari ya Atlantiki. Agosti 2022 nakala moja iliyohifadhika vizuri iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Hapa pia uadimu haukukusudiwa. Lau kampuni ingejua thamani ya mbele, isingeitupa mali yake baharini.

Jambo linalounganisha mifano hii miwili ni kwamba bei kubwa ilikuja baadaye, ikitoka kwa wakusanyaji wenyewe. Katika miaka ya 1930 Jefferson Burdick, aliyeandaa orodha kubwa ya kwanza ya kadi za Marekani, alikuwa ameshaipa kadi ya Wagner thamani ya dola 50, wakati nyingi katika orodha zake zilikuwa za senti chache. Hata hivyo Burdick hakuwa mwindaji wa kadi moja. Ndiye aliyeziainisha kadi kwa herufi na namba, na jina T206 limetokana na mfumo wake. Kuanzia mwaka 1947 hadi karibu na kifo chake mwaka 1963 alikabidhi mkusanyiko wake kwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York, akizibandika kadi katika albamu kwa mikono iliyodhoofishwa na ugonjwa wa viungo. Mkusanyiko huo una vipande zaidi ya 300,000. Wagner yumo, lakini yumo kama kadi moja miongoni mwa nyingine, katika nafasi yake ndani ya seti.

3.0 Kadi Namba 106: Jaribio la Mwaka 1933

Jaribio la mapema linalofahamika sana la kupanga uadimu lilifanywa na Goudey Gum Company ya Boston. Mwaka 1933, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, kampuni hiyo ilitoa seti ya kadi za besiboli zilizouzwa pamoja na chingamu. Namba za seti zilifika 240, lakini kadi namba 106 haikuwamo katika pakiti yoyote. Mtoto aliyekuwa na namba 105 na 107 aliendelea kununua akitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Wanunuzi waliligundua pengo hilo, wakaiandikia kampuni barua za malalamiko. Mwaka uliofuata Goudey ilichapa kadi namba 106 ikiwa na picha ya Napoleon Lajoie, mchezaji aliyekuwa amestaafu kitambo, na kuwatumia kwa posta walioandika kulalamika. Kwa kuwa ni hao tu waliotumiwa, kadi hiyo imekuwa miongoni mwa zinazotafutwa sana mpaka leo.

Tukio hilo lina uzito wa kihistoria kwa sababu mbili. Kwanza, linaonyesha kwamba wazo la kumfanya mnunuzi akimbize kadi moja ni la zamani. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, linaonyesha namna pande zote mbili zilivyouelewa upungufu huo. Wanunuzi waliuona kuwa ni deni, na kampuni ilipobanwa ililipa deni hilo. Seti ilihesabiwa kuwa ahadi: aliyechapa namba hadi 240 alikuwa amejifunga kutoa kadi 240. Katika miongo iliyofuata ahadi hiyo ililegea, na hatimaye kadi isiyopatikana ikawa ndiyo bidhaa yenyewe.

4.0 Wingi Uliozaa Uadimu, 1981–2003

Kwa muda mrefu Topps ilikuwa karibu peke yake katika soko la kadi za besiboli. Hukumu ya mwaka 1980 katika shauri lililofunguliwa na Fleer ilifungua mlango, na mwaka 1981 Fleer na Donruss ziliingia sokoni. Wakati huohuo habari za bei kubwa za kadi za zamani zilienea. Watu wazima walianza kununua makasha mazima na kuyaweka ghalani bila kuyafungua, wakitumaini kusomesha watoto kwa faida yake.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro ya msingi. Kadi za mwaka 1952 zilikuwa ghali kwa sababu nyingi zilitupwa, zikachanika au zikafungwa kwenye spoku za baiskeli. Kadi za mwaka 1988 zilihifadhiwa na kila mtu, na kampuni zilichapa kadiri soko lilivyoomba. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko lilifurika, na kadi nyingi za kipindi hicho hadi leo hazifikii bei ya karatasi ya kuzifungia. Mgomo wa wachezaji wa besiboli wa mwaka 1994 uliongeza chumvi katika kidonda.

Ni katika mazingira hayo ya wingi ndipo kadi ya mawindo ilipozaliwa kama mfumo. Mwaka 1990 Upper Deck ilimwomba Reggie Jackson asaini kadi 2,500, ikazipa namba na kuzitawanya katika pakiti. Mwaka 1991 Donruss ilitoa kadi za Elite, ambazo nyingi zilichapwa nakala 10,000 kila moja, kila nakala ikiwa na namba yake ya mfululizo. Mwaka 1993 Topps ilileta kadi za Finest zenye ngozi inayorudisha mwanga kwa rangi za upinde wa mvua. Baadaye vilifuata vipande vya jezi zilizovaliwa uwanjani, na kuelekea mwisho wa muongo huo kampuni zilianza kutoa kadi yenye nakala moja tu duniani. Namba ilishuka kutoka elfu kumi hadi moja katika muda usiozidi miaka kumi.

Ni haki kukiri kwamba mbinu hii iliisaidia biashara iliyokuwa ikizama, kwani mnunuzi aliyechoshwa na kadi zisizo na thamani alipata sababu ya kurudi dukani. Lakini dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. Seti ya msingi iligeuka kuwa vifungashio vya kadi ya mawindo. Mwaka 2003 Upper Deck ilitoa Exquisite Collection ya mpira wa kikapu, ambamo pakiti ya kadi tano iliuzwa kwa dola 500. Bidhaa hiyo haikumlenga mtoto mwenye senti za mfukoni, na kukamilisha seti yake kwa kubadilishana na rafiki halikuwa jambo la kufikirika.

Sambamba na hilo ilizuka taasisi ya kupima ubora. Kampuni ya PSA, iliyoanzishwa mwaka 1991, huikagua kadi, huipa daraja kati ya 1 na 10, kisha huifungia katika ganda la plastiki. Kadi ya kwanza kupewa daraja na kampuni hiyo ilikuwa nakala ya Wagner ambayo mwaka huohuo ilinunuliwa mnadani kwa dola 451,000 na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mshirika wake. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo nakala hiyo ili ionekane nadhifu zaidi. Kwa maneno mengine, kadi iliyofungua zama za uhakiki ilikuwa imechakachuliwa. Pale ambapo kitu kimoja hubeba thamani yote, kishawishi cha kukigusa huwa kikubwa.

5.0 Kadi za Kuchezea: Pale Mawindo Yanapogusa Mchezo

Mwaka 1993 Wizards of the Coast ilitoa Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield. Tofauti na kadi za besiboli, hizi zilikuwa za kuchezea. Kila mchezaji alijijengea rundo lake na kushindana na mwenzake. Katika toleo la kwanza, Alpha, kila kadi ya daraja la adimu ilichapwa takribani nakala 1,100. Mojawapo ni Black Lotus, ambayo humpa mchezaji nguvu kubwa mapema mno katika mchezo.

Uadimu huo ulitarajiwa kuwa kinga: kadi yenye nguvu isingeharibu mchezo kwa kuwa isingeonekana mara kwa mara. Matarajio hayo yalidhani kwamba mchezaji angenunua pakiti chache tu. Badala yake walinunua makasha, na mwenye fedha alikaa mezani akiwa na silaha ambazo mwenzake hawezi kuzipata. Hapa uadimu haukuishia kwenye albamu. Ulifika katika matokeo ya mchezo.

Kampuni ilijaribu kupunguza pengo hilo. Mwaka 1995 ilitoa Chronicles, seti iliyochapa upya kadi za zamani. Wachezaji wapya walizipata kwa urahisi, lakini wakusanyaji waliona thamani ya mali yao ikishuka na wakalalamika. Mwaka 1996 kampuni ilitangaza orodha ya kadi ambazo haitazichapa tena, na Black Lotus imo. Ukilinganisha na tukio la mwaka 1934, mabadiliko yanaonekana dhahiri. Goudey ilijibu malalamiko kwa kuchapa kadi iliyokosekana. Wizards of the Coast ilijibu malalamiko kwa kuahidi kutochapa. Katika tukio la kwanza mlalamikaji alikuwa mtu asiye na kadi, na katika la pili alikuwa mtu aliye nayo.

6.0 Mahakama na Swali la Kamari

Swali la kama pakiti yenye kadi ya mawindo ni aina ya kamari halikuchelewa kufika mahakamani. Katika miaka ya 1990 wanunuzi walizishtaki kampuni kadhaa za kadi huko California, wakitumia sheria ya shirikisho dhidi ya uhalifu wa kupangwa. Mwaka 1999 shauri la namna hiyo lilifunguliwa pia kuhusu kadi za Pokémon. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mnunuzi hutoa fedha, bahati huamua, na zawadi ni kadi inayoweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko pakiti.

Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya Kanda ya Tisa iliamua shauri dhidi ya Fleer/Skybox na mengine yaliyounganishwa nalo. Wadai walishindwa. Mahakama haikuhitaji kuamua kama ile ilikuwa kamari au la. Ilisema kwamba wadai hawakupata hasara ya mali inayotambuliwa na sheria hiyo, kwa kuwa walilipia pakiti na nafasi ya kupata kadi ya mawindo, na vyote viwili walivipata. Kukosa bahati si kupunjwa.

Kisheria uamuzi huo ulizilinda kampuni. Kihistoria unaeleza zaidi ya hapo. Wanunuzi wa mwaka 1933 walijiona wamenunua sehemu ya seti, na pengo katika seti lilikuwa kosa la muuzaji. Kufikia mwaka 2002 mahakama iliona kwamba kilichouzwa ni nafasi yenyewe. Nchi nyingine zimelitazama swali linalofanana na hilo kwa jicho tofauti. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya michezo ya kompyuta ni kamari, zikiwemo pakiti za wachezaji katika mchezo wa kandanda wa FIFA.

7.0 Kadi Moja Duniani, 2021–2025

Wakati wa janga la UVIKO-19 ukusanyaji wa kadi ulifufuka kwa kishindo. Mei 2021 maduka ya Target nchini Marekani yalisitisha kwa muda kuuza kadi za michezo na za Pokémon ndani ya maduka yake, baada ya ugomvi kati ya wanunuzi katika jimbo la Wisconsin ambapo mmoja wao alitoa bastola. Katika kipindi hichohicho ulienea mtindo wa kufungua makasha kwa ubia mbele ya kamera. Washiriki hulipia timu moja moja, na kadi za timu hiyo zikitoka ni zao. Ambaye timu yake haikutoka huweza kumaliza bila kadi hata moja. Katika mtindo huu kile kilichokuwa tiketi iliyokosa kimetoweka kabisa, ikabaki nafasi tupu.

Mwaka 2023 Wizards of the Coast ilitoa seti iliyotokana na hadithi ya J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings. Ndani ya pakiti moja, miongoni mwa zile za bei ya juu kabisa, ilitiwa nakala pekee ya kadi ya pete yenye namba 001 kati ya 001. Duka moja la Hispania lilitangaza kuinunua kwa yuro milioni 2 hata kabla haijapatikana. Ilipatikana Kanada, na Agosti mwaka huo mwanamuziki Post Malone aliinunua kwa takribani dola milioni 2. Kwamba hadithi inayoonya juu ya pete inayowapumbaza wanaoitamani ndiyo iliyochaguliwa kwa mawindo hayo ni kinaya ambacho wengi walikiona.

Hata hivyo, kadi ya pete ina tofauti moja na Black Lotus. Maandishi na nguvu zake mchezoni ni sawa na za nakala nyingine zilizochapwa kwa wingi, hivyo mwenye nakala pekee hakupata silaha ambayo wengine hawana. Watetezi wa kadi za mawindo huongeza kwamba wanaofungua makasha kwa ajili ya bahati huzimwaga kadi za kawaida sokoni, na mchezaji mwenye kipato kidogo huzinunua kwa bei nafuu. Hoja hiyo ina ukweli kwa mchezaji. Kwa mkusanyaji wa seti haina faraja, kwa kuwa seti ambayo sehemu yake moja ina nakala moja duniani haiwezi kukamilishwa na watu wawili.

Mzunguko wa historia hii uliirudia timu ya Pittsburgh. Tangu msimu wa mwaka 2023 wachezaji wapya wa ligi kuu ya besiboli huvaa nembo maalumu mkononi siku ya mechi ya kwanza. Nembo hiyo hubanduliwa, hutiwa katika kadi moja tu, na mchezaji huisaini. Kadi ya namna hiyo ya Paul Skenes wa Pirates ilipatikana siku ya Krismasi ya mwaka 2024 na mtoto wa miaka 11 wa eneo la Los Angeles. Timu ilitangaza kumpa mwenye kadi, pamoja na mambo mengine, tiketi za msimu kwa miaka 30. Familia ilichagua mnada, na Machi 2025 kadi iliuzwa kwa dola milioni 1.11. Wagner aliiondoa sura yake katika pakiti za sigara na uadimu ukazaliwa bila kutarajiwa. Skenes alivaa jezi iliyoshonewa uadimu kabla hajarusha mpira wa kwanza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uadimu katika kadi za Marekani ulipita hatua tatu. Kwanza ulikuwa ajali iliyogunduliwa baadaye na wakusanyaji. Kisha ulikuwa hila iliyohesabiwa kuwa deni na kulipwa. Mwisho ukawa bidhaa halali inayouzwa kwa jina lake. Katika kila hatua thamani ilihama kutoka kwenye seti kwenda kwenye kadi moja, na kutoka kwenye kadi kwenda kwenye nafasi ya kuipata.

Mabadiliko hayo hayakuua ukusanyaji wa kadi. Yaliuokoa kibiashara, na mtoto wa Los Angeles ni ushahidi kwamba bahati huweza kumwangukia yeyote. Lakini mtoto huyo hangeweza kuibadilisha kadi yake na mwenzake yeyote wa shuleni, kwa sababu hakuna mwenzake aliyekuwa na kitu kinacholingana nayo. Hapo ndipo gharama yake ilipo. Ukusanyaji wa seti uliwahitaji watu wengine, kwani hakuna aliyefika mwisho wa namba bila ziada ya jirani. Mawindo ya kadi moja hayamhitaji jirani, isipokuwa kama mtu ambaye pakiti yake haikuwa na kitu.

Kwa sababu hiyo, mjadala kuhusu kadi za mawindo haupaswi kuishia kwenye swali la kamari peke yake. Uwezekano wa kupata kadi huweza kuchapwa wazi kwenye pakiti na sheria ikatimizwa, lakini zikabaki kadi kumi na tisa mezani ambazo hakuna anayezitaka. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho kazi ya Burdick inakiacha mbele ya mtafiti: je, bidhaa hii bado inampa mnunuzi sababu ya kuihifadhi kadi ambayo haikushinda?